Mtihani wa Kanda ya Bwana Hamano

Siku mliyoniaga, vijana wa maabara, mliniuliza ni kazi gani iliyonitoa jasho kuliko zote. Mlitegemea niseme habari za mizigo kukataliwa ng'ambo, au ile wiki mashine ya barafu ilipokufa huku malori yamejipanga getini. Nilikunywa soda yangu tu, kwa sababu jibu la kweli lisingetosha kwenye hotuba. Kazi iliyonitoa jasho ni kusahihisha mtihani wa muziki wa sinema ya Kijapani, uliofanywa na wakata minofu wa kiwanda chetu, kwa amri ya meneja, ili kupima uelewa wao wa usafi wa samaki. Sasa nina muda, naandika. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vilikuwa vidogo na havina hadithi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati viwanda vya umma vinafungwa kimoja baada ya kingine na vya watu binafsi vinachipuka ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza. Mimi nilitoka kiwanda cha nguo, ambako nilikuwa napima upana wa kanga kwa rula ya chuma. Kilipofungwa, niliondoka na ile rula. Meneja wa kiwanda kipya cha samaki, Bwana Kaijage, aliniuliza kwenye usaili kama najua ubora. Nikamwambia najua kupima. Akasema ni kitu kilekile. Basi nikawa mkaguzi wa ubora wa sangara, samaki ambaye hadi siku hiyo uhusiano wetu ulikuwa wa kikaangoni tu.

Siku ya kwanza stoo walinipa mabuti mawili meupe, yote ya mguu wa kushoto. Walisema ya kulia yako njiani kutoka Dar. Nilitembea hivyo wiki nzima, na watu wa getini wakadhani nina kilema, wakawa wananipisha.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Magesa, Mjita mmoja mwembamba aliyepanga chumba Buzuruga. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini hakuna mtu kiwandani aliyemkaribia kwa kisu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye ubora?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, ubora, njoo ushike hapa." Akanifunulia mashavu ya sangara mkubwa. "Yakiwa mekundu hivi, samaki yupo. Yakiwa ya kahawia, ameshaondoka, kilichobaki ni mzigo."

Alinifundisha kubonyeza nyama kwa kidole na kungoja kama shimo litajaa lenyewe. Alinifundisha pia kusikiliza kisu. Kikipita sawasawa juu ya mfupa kinakwaruza kama kitana kwenye nywele kavu. Kikinyamaza, ujue kimezama kwenye nyama na mnofu umeharibika. Mpaka leo naweza kugeuza mgongo na kuwaambia nani anakata vibaya. Vipimo vyenu vya kisasa ni vizuri, lakini masikio hayahitaji umeme.

Sasa nije kwenye kanda.

Kiwanda kilikuwa kinatafuta wanunuzi, na kampuni moja ya Kijapani ikaonesha nia. Mwakilishi wao aliyekuwa Dar, Bwana Hamano, aliandika barua kwa Kiingereza: kabla hajaja kukagua, wafanyakazi wote waelewe masharti ya ubora yaliyoambatanishwa. Tulipofungua bahasha tukakuta barua, na pamoja na barua tukakuta kanda ya kaseti yenye maandishi ya Kijapani pande zote mbili. Kitu kingine hakikuwamo.

Bwana Kaijage alikuwa Mhaya msomi, mtu wa tai hata jua la saa nane, na mwenye imani kubwa na chochote kilichofika kwa posta. Aliita wakuu wa vitengo ofisini, akafunga mlango, akaiweka kanda kwenye redio kaseti. Ikaanza filimbi. Zikafuata fidla.

"Huo ni utangulizi," alisema.

Tulikaa na kalamu mkononi tukingoja mtu azungumze. Ikaja ngoma kubwa, yakaja matarumbeta, kisha kanda ikafika mwisho na kukata. Tukaigeuza. Upande B nao haukuwa na neno hata moja.

"Bwana Meneja," nilisema, "nadhani huu ni muziki."

"Mama Kulwa, umesomea Kijapani?"

"Hapana."

"Umewahi kusikia masharti ya ubora ya Kijapani?"

"Hapana."

"Basi." Akaifuta kanda kwa leso. "Wenzetu wameendelea. Maneno wameshayaacha."

Mafunzo yakawa jukumu langu. Kila asubuhi kabla ya zamu wakata minofu walijipanga kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mabuti yao, aproni na kofia za nywele, wakasikiliza kanda wamesimama. Umeme ukikatika tulitumia betri, na betri zikiisha nguvu muziki ulikuwa unavuta kama mtu aliyelewa. Bwana Kaijage aliandika kwenye taarifa kwamba siku hizo tumefundisha kwa mwendo wa wanaoanza. Fomu yangu ilikuwa na safu mbili, "Somo" na "Mambo yaliyoeleweka". Ya kwanza nilijaza "Upande A". Ya pili niliikodolea macho wiki mbili.

Kwa kuwa nilitakiwa kuijaza, nilianza kusikiliza kwa makini, kama vile ningekagua samaki. Upande A unaanza na filimbi peke yake, kama mtu anayeita jina asilokuwa na uhakika nalo. Inaita mara mbili, inanyamaza. Halafu fidla zinaingia chini kabisa, nyingi lakini kwa upole, kama watu waliochelewa ibada wanaotafuta pa kukaa. Mimi naimba sauti ya pili kwaya ya parokia, na siku zote nilidhani wimbo ni maneno, sauti ni za kuyabeba tu. Humu hapakuwa na maneno ya kubeba, kwa hiyo sauti zilikuwa zinabebana. Tarumbeta moja ilikuwa na wimbo wake mzuri ambao haikupata kuumaliza. Kila ilipokaribia mwisho ngoma iliukata. Ilinichukua majuma kadhaa kugundua kwamba wimbo ule unamalizwa upande B, na fidla, polepole sana, wakati msikilizaji ameshausahau. Asubuhi niliyogundua nilishindwa kuandika. Nilisimama katikati ya watu wenye mabuti, machozi yananitoka. Kwenye fomu nikajaza: "Wafanyakazi wamezingatia."

Wenzangu nao walizingatia kwa njia zao. Mzee Magesa alisema sehemu ya taratibu ni ya samaki wakubwa na ya haraka ni ya wadogo, na meza nzima ikaanza kukata hivyo, huku wakivuma kooni. Ile sehemu ya haraka ilipowaingia sawasawa, Nyamizi, binti wa Kisesa aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, alijikata kidole gumba. Ile ya taratibu ikawa inashusha kazi mpaka barafu inayeyuka mezani. Bwana Kaijage akatoa waraka: ni marufuku kuvuma upande B kabla ya saa nane mchana.

Ndipo akatangaza mtihani.

Aliandika maswali mwenyewe. Swali la kwanza: "Kanda inasemaje kuhusu kunawa mikono?" La pili: "Taja sehemu inayoonesha umuhimu wa barafu." La tatu, lililokuwa na alama nyingi: "Eleza funzo kuu la upande B." Atakayefeli ataondolewa mezani na kupelekwa mapanki. Mapanki, kwa msiofika wakati ule, ni mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishatolewa. Ilikuwa inaanikwa nyuma ya kiwanda juani, na waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua wa siku kwa siku. Getini watu walisimama tangu alfajiri wakingoja nafasi yoyote. Kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Nimehifadhi kichwani baadhi ya majibu. Mmoja aliandika: "Mikono inanawiwa mara tatu, maana filimbi inarudi mara tatu, na kila ikirudi inakuwa safi zaidi." Nyamizi aliandika: "Barafu iko mwanzo wa upande B, pale fidla zinapolia nyembamba mpaka meno yanauma." Bwana Kaijage alijaza na yeye karatasi yake, akaiita majibu ya mfano. Kwenye funzo kuu aliandika: "Uwajibikaji."

Mzee Magesa alijibu kwa mdomo, mimi nikawa naandika, meneja amekaa pembeni.

"Mzee, kanda inasemaje kuhusu kunawa mikono?"

"Haijasema."

"Na barafu?"

"Sijaisikia barafu."

"Funzo kuu la upande B?"

Alijifuta mikono iliyokuwa mikavu tayari. "Huyu mtu amefiwa," alisema. "Na hataki watu wajue. Anaendelea na kazi yake tu."

"Mtu gani?" meneja akauliza.

"Huyo aliyetunga."

"Mzee Magesa, hapa tunazungumzia samaki."

"Nyinyi mnazungumzia samaki," alisema Mzee Magesa. "Mimi nimeulizwa kuhusu upande B."

Meneja alitaka nimpe sifuri. Nilimwomba tusubiri mgeni afike, mwenye masharti aamue. Akakubali, kwa sababu kusubiri wakubwa ilikuwa ni jambo aliloliheshimu.

Bwana Hamano alikuja baada ya siku chache. Alikuwa mfupi, na alimsalimia hata mlinzi kwa kuinama. Bwana Kaijage alikuwa amepanga wafanyakazi mistari miwili kuanzia mlangoni. Mgeni alipoingia, kanda ikafunguliwa. Alisimama palepale, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nilimwona anageuka rangi.

Aliomba kuiona maabara, na huko, meneja alipotoka kuitisha chai, aliniuliza kwa sauti ndogo. Kiingereza chake cha darasani na changu cha darasani vilikutana katikati.

"Mama, hii kanda mmeitoa wapi?"

"Ni masharti yenu. Ilikuwa kwenye bahasha."

Alifumba macho. Kumbe siku ile alikuwa na bahasha mbili mezani kwake. Kanda alikuwa amemnakilia mama yake mzazi, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mama yake alikuwa amepokea kijitabu cha bakteria wa samaki.

"Ndiyo maana hajaniandikia," alisema.

Nilimuuliza muziki wenyewe ni wa nini. Akaniambia ni wa sinema ya zamani ya kuchekesha, kuhusu vinyozi wawili wanaogombea mteja mmoja. Ile sehemu ya taratibu ya upande B ni pale mteja anapopitiwa na usingizi kwenye kiti, wao wanavutana wembe juu ya kichwa chake. Ukumbi mzima huwa unacheka.

Nikamwonesha karatasi za mtihani, nikamtafsiria. Kwenye filimbi inayokuwa safi alitabasamu. Kwenye barafu alitikisa kichwa mara nyingi. Nilipomaliza jibu la Mzee Magesa aliichukua ile karatasi mkononi. Baadaye alisema, "Mimi nimeisikiliza tangu nikiwa mwanafunzi. Sehemu ile huwa nalia, halafu naona aibu, kwa sababu ni vinyozi."

Aliniomba nisimwambie meneja, asije akaaibika. Mtunzi alikuwa hai bado, mzee sana, anaishi mji mmoja na mama yake Hamano. Jina alinitajia, nikaliandika nilivyolisikia, na sidhani kama mwenyewe angelitambua. Bwana Hamano akamwambia meneja kwamba karatasi zitapelekwa Japani pamoja na tafsiri yake, kwa aliyetengeneza kanda, zisahihishwe. Pia akaahidi kijitabu, ambacho alikiita toleo jipya. Meneja alifurahi mno. Ukaguzi wenyewe ulituangusha kwenye maji ya kuoshea, yalikuwa ya moto kuliko inavyotakiwa, maana muda wa kupima joto tulikuwa tumesimama tunasikiliza filimbi. Tukapewa nafasi ya kujirekebisha.

Karatasi zilirudi baada ya miezi kadhaa, kwa posta, zimesahihishwa zote kwa penseli nyekundu. Bwana Kaijage alizipanga mezani kwake. Kila jibu lilikuwa na vema. Nyamizi vema, wa kunawa mikono vema, majibu ya mfano vema kubwa. Karatasi moja tu haikuwa nayo. Chini ya jibu la tatu la Mzee Magesa palikuwa na duara, tena limezungushwa mara mbili, na pembeni yake pamechorwa vijani kama petali za ua.

"Sifuri," alisema Bwana Kaijage kwa huzuni. "Na maua wameiwekea. Hii ni sifuri ya kuaga."

Alinisogezea fomu ya uhamisho. Sahihi ya mkaguzi ilihitajika. Nilisema maneno mawili matatu, yakanyamazishwa. Kulwa na Doto wangu walikuwa shule, na pale getini ningeweza kumwona kwa dirisha mtu ambaye angechukua kiti changu kabla hakijapoa. Nikasaini. Mzee Magesa alivua aproni nyeupe, akaikunja, akaenda nyuma kwenye mapanki bila kuniangalia. Msimu mzima nilikuwa napita njia ya upande wa pili nisikutane naye. Mezani visu vilianza kunyamaza kwenye nyama, nikawa navisikia kila siku, sikuwa na wa kumwambia.

Bwana Hamano aliporudi kutukagua tena, aliuliza kitu kimoja kabla hata hajavua viatu kuvaa mabuti. "Yuko wapi yule mzee aliyepata ua?"

Bwana Kaijage akamwambia hatua zimeshachukuliwa.

"Hatua gani?"

Alipoelezwa, kwa upole wote aliokuwa nao, akachukua penseli na kutufundisha. Kwao vema ni alama ya kosa. Duara ndiyo sahihi. Duara lenye petali ni jibu bora kabisa, walimu huwachorea watoto wadogo.

Bwana Kaijage alizitazama karatasi moja moja, akafika kwenye ya kwake.

"Kwa hiyo wote wamefeli?"

"Wote," alisema Bwana Hamano. "Isipokuwa mmoja."

"Na majibu ya mfano?"

Bwana Hamano aliinama. Ndipo akamweleza yote, bahasha mbili, mama yake, vinyozi. Bwana Kaijage alilegeza tai. Kwa mara ya kwanza nilimwona shingo yake. "Mama Kulwa," alisema hatimaye, "kamwite mzee."

Nilikwenda mwenyewe nyuma. Alikuwa anageuza mifupa juani, nzi wamemzunguka.

"Mzee, shikamoo. Nilisaini ile fomu."

"Marahaba. Nilikuona."

"Nisamehe."

"Ulikuwa na watoto." Aligeuza mfupa mwingine. "Lakini siku nyingine useme kwanza mpaka umalize, ndiyo usaini."

Nikamweleza kama Bwana Hamano alivyotueleza: maana ya lile duara na petali zake, kwamba mtunzi mwenyewe ndiye aliyelichora, na kwamba mama yake Hamano ndiye aliyempelekea karatasi, akamwona yule mtunzi ameishikilia ile moja muda mrefu kabla ya kuchukua penseli. Nilidhani atafurahi. Alikunja uso.

"Sasa kama ni kweli amefiwa," alisema, "mmeshampa pole?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria, wala meneja na Bwana Hamano, waliokuwa wamenifuata nyuma. Mzee Magesa alitutazama sote kwa zamu, mimi, meneja, hata Bwana Hamano, kama watu wasiolelewa. Alikataa kurudi mezani mpaka jambo hilo limalizwe. Kazi ilisimama. Wakata minofu wote wakaingia chumba cha kubadilishia nguo, Bwana Kaijage akaleta karatasi nzuri ya ofisi na kalamu yake mwenyewe, nami nikaandika huku Mzee Magesa akinitamkia. Waliojua kuandika wakatia sahihi, wengine wakabonyeza dole gumba. Meneja alitia sahihi ya mwisho. Bwana Hamano akaichukua aitafsiri, akatoka nje kuisoma peke yake. Iliandikwa hivi:

"Mzee wetu, shikamoo. Sisi ni wakata minofu wa Mwanza. Habari ya msiba wako tumeipata kwenye upande B. Pole sana. Tunaomba utusamehe kwa kuchelewa kukupa pole. Tulidhani ni masharti ya samaki."